Muziki wa klabu hauwapandishi watu mori

Imani ya siku nyingi ni kwamba muziki mkali wa klabu za usiku huwapandisha watu mori hadi wakapigana. Lawama hiyo, naona, imekosea njia. Mdundo peke yake haumgeuzi mpole kuwa mgomvi. Kazi yake ni ya chinichini zaidi.

Tazama marafiki wawili mezani. Mmoja anasema, mwenzake anainama, anatega sikio, anaomba arudiwe. Mara ya tatu anatabasamu tu na kuinua glasi. Maneno yakikatika, mkono hutafuta kazi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la baa nchini Ufaransa: sauti ilipopandishwa kutoka desibeli 72 hadi 88, vijana wa kiume walimaliza glasi ya bia kwa dakika 11 na ushee, badala ya 14 na nusu. Walikunywa haraka, basi. Ulevi, tena penye msongamano wa watu wanaokanyagana, ndio unaochochea ngumi.

Besi, yaani sauti nzito za chini za muziki, nayo ina yake, na hili linanivutia sana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walieleza walivyowasha na kuzima spika za sauti za besi ya chini mno wakati wa onyesho. Zilipowaka, wachezaji walizidisha miondoko kwa karibu asilimia 12, ingawa sauti hizo hawakuweza kuzitambua kwa masikio. Walicheza zaidi, na hakuna aliyejua kwa nini.