Bakuli dogo la samaki si rahisi kutunza

Wanaoanza kufuga samaki wa mapambo huambiwa waanze na bakuli dogo, eti maji machache hayana kazi. Ni kinyume chake. Lita 5 mezani hupata moto mchana na kupoa usiku upesi sana. Lita 100 hubadilika polepole. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji, hivyo kila myumbo anaubeba yeye. Tena maji yakipata moto, oksijeni hupungua wakati uleule samaki anapoihitaji zaidi. Ndiyo maana huwaona wakihema juu ya maji.

Akifa mmoja, wengi humwaga maji yote na kusugua kichujio kwa sabuni. Hapo ndipo msiba hukamilika. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitriti (nayo ni sumu), kisha nitrati isiyo kali sana, wanaishi kwenye kichujio hichohicho! Toa mzoga, badilisha robo ya maji kwa mengine ya joto lilelile yasiyo na klorini, na sponji ya kichujio uisuuze kwa maji uliyoyachota tangini. Na hita, kifaa cha kupasha maji ya tangi, usiiamini bila kipimajoto. Zangu mbili zilidanganya.