Obama hakumruka Wright siku ile, acheni kunisimulia

Kazi yangu ni kushauri wagombea upande wa mawasiliano, na kama kuna sentensi nimeichoka ni hii: "Mshauri, si tufanye kama Obama tu, pasta akiharibu unamruka siku hiyohiyo, unatoa hotuba moja kali, yameisha." Nimeisikia kwa watu wa udiwani, nimeisikia kwa watu wa ubunge, juzi kaniletea kijana mwenye digrii kabisa ya sayansi ya siasa. Jamani, haikuwa hivyo. Na kwa vile huku kwetu Obama tunamhesabu mtoto wa nyumbani sababu baba yake ni wa Kenya, kila mtu anajiona anaijua kampeni ya 2008 kuliko hata waliokuwepo. Ngoja niandike mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

DHANA: Obama alimkana mchungaji wake, Jeremiah Wright, kwenye hotuba ya Philadelphia na ishu ikafungwa.

Hapana. Twende na tarehe maana watu mnapenda kuruka tarehe.

Tarehe 13 Machi 2008 televisheni ya ABC News wanarusha klipu za Jeremiah Wright, mchungaji wa Trinity United Church of Christ kule kusini mwa Chicago, kanisa aliloliongoza tangu 1972. Huyu sio mtu waliyekutana naye kwenye harambee wakapiga picha. Ndiye aliyewafungisha ndoa Barack na Michelle mwaka 1992, ndiye aliyewabatizia mabinti zao, na hata jina la kitabu cha Obama cha 2006 lilitoka kwenye mahubiri yake. Klipu zenyewe zilikuwa za zamani. Moja ni ya Jumapili tarehe 16 Septemba 2001, siku tano tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, anasema yale Marekani iliyowafanyia watu wa nje sasa yameirudia nyumbani. Nyingine ya Aprili 2003, anasema mtu mweusi anaambiwa aimbe Mungu aibariki Marekani, yeye anasema Mungu ailaani kwa ilivyowatendea raia wake. Na wala hakuna jasusi aliyeziiba, kanisa lenyewe lilikuwa linaziuza.

Kesho yake Obama akaandika kuyalaani hayo maneno na Wright akatoka kwenye kamati ya viongozi wa dini ya kampeni. Tarehe 18 Machi ndio ile hotuba, National Constitution Center, Philadelphia, zaidi ya nusu saa. Sasa humo ndani alisema nini? Alisema maneno ya Wright sio mabaya tu bali yanagawa watu, alafu akasema huyu mtu hawezi kumkana kama asivyoweza kuikana jamii ya watu weusi, kama asivyoweza kumkana bibi yake mzungu aliyemlea. Rudia kusoma hapo. Maneno aliyakataa, mtu akabaki naye. Yaani hotuba mnayoitolea mfano wa kumruka mtu ndio hotuba aliyokataa kumruka.

Na ilisaidia, kwa muda. Kelele zikapungua ingawa hazikuisha, maana tarehe 16 Aprili kwenye mdahalo wa ABC bado aliulizwa habari za Wright. Tarehe 22 Aprili, kwenye kura za mchujo za chama chao cha Democrat, akapigwa Pennsylvania na Hillary Clinton kwa pointi kama tisa hivi, na hapo ndo watu huniambia "unaona, ni pasta." Pennsylvania ilikuwa ya Clinton toka mwanzo, wazee wengi, wazungu wafanyakazi wengi, na juu ya hapo katikati ya Aprili ilivuja kauli ya Obama mwenyewe aliyoitoa San Francisco kwamba watu wa miji midogo wamejaa uchungu wanang'ang'ania bunduki na dini. Hiyo aliisema yeye, Wright hakuwepo.

Kilichovunja kila kitu kilikuja mwishoni mwa Aprili. Tarehe 25 Wright kafanya mahojiano na Bill Moyers kwenye PBS, katulia, mpole. Tarehe 27 yuko Detroit kwenye chakula cha jioni cha NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Tarehe 28 National Press Club, klabu ya waandishi wa habari, Washington, mbele ya kamera zote za nchi, na baada ya hotuba yakaja maswali. Akasema wanaomshambulia hawamshambulii yeye bali wanalishambulia kanisa la watu weusi, akamsifia Louis Farrakhan, yule kiongozi wa Nation of Islam anayelaumiwa kwa kauli za chuki dhidi ya Wayahudi, akaulizwa kuhusu madai yake kwamba serikali ndiyo iliyotengeneza Ukimwi akajibu kwamba anaamini serikali yao ina uwezo wa kufanya lolote. Lakini hata hayo yote Obama angeweza kuyabeba kwa staili ya Philadelphia. Lililoua ni moja tu, pale Wright aliposema Obama alijitenga na maneno yake kwa sababu ni mwanasiasa na wanasiasa husema ya kisiasa.

Kesho yake, tarehe 29, Obama yuko Winston-Salem, North Carolina, anasema amekasirishwa, anasema mtu aliyemwona jana sio yule aliyekutana naye miaka 20 iliyopita. HAPO ndipo walipokatana. Toka klipu mpaka hapo ni siku 47. Na kanisa lenyewe alikuja kulihama tarehe 31 Mei, na hapo hata sio Wright tena, ni padri Mkatoliki mzungu, Michael Pfleger, aliyealikwa kuhubiri Trinity akaanza, palepale madhabahuni, kumwigiza Hillary Clinton analia.

Mnielewe kwanini nakazania hizi tarehe. Maneno ya zamani ya rafiki yako yanamfanya mpiga kura akuulize, ulikuwepo? ulijua? Hilo ni swali unaloweza kulijibu ukiwa na muda na akili. Maneno mapya, laivu, tena yanayokusema wewe, yanamfanya aulize kitu kingine kabisa: huyu mgombea ana msimamo au ananidanganya? Wright alipodokeza kwamba Obama anaongea kisiasa tu, aliigeuza ile hotuba nzima ya Philadelphia ikaonekana ujanja, na ukinyamaza hapo umekubali. Angemkata tarehe 14 Machi angeonekana mwoga mbele ya watu weusi waliolelewa kwenye makanisa ya aina ile, na waliobaki wangeuliza miaka 20 ulikuwa unafanya nini mle ndani. Alipomkata Aprili 29 kila mtu alikuwa ameshaona kwa macho nani kaanza kumvunjia mwenzake heshima. Wateja wangu wanaotaka "kumruka siku hiyohiyo" husahau kabisa kwamba waumini wa huyo shehe au huyo askofu nao wana kadi za kupigia kura.

Matokeo? Tarehe 6 Mei, wiki moja tu baada ya hiyo Press Club, Obama akashinda North Carolina kwa pointi 14 hivi na akapoteza Indiana kwa kama pointi moja. Usiku uleule Tim Russert, mchambuzi wa siasa wa NBC, akasema kwenye TV kwamba sasa tunamjua mgombea wa Democrat ni nani.

Sasa kitu ambacho nikikisema wateja wanaangalia simu zao. Timu ya Obama walishajua. Tarehe 10 Februari 2007, siku anatangaza kugombea pale Springfield, Illinois, Wright alipangiwa kuomba dua jukwaani, na siku moja kabla wakamwambia asipande. Akaishia kuomba na familia pembeni. Yaani mwaka mzima na zaidi kabla ya ABC mtu ameshanusa tatizo, na bado kanda hazikupitiwa ipasavyo, David Plouffe aliyekuwa meneja wa kampeni amekuja kulikiri baadaye. Kwahiyo ushauri wangu ni uleule kila mwaka: kabla hujapanda jukwaa moja na mtu yeyote wa dini, tafuta vijana wawili wenye subira, wape kanda zake za miaka kumi, wasikilize ZOTE, mahubiri mazima, sio vipande vya YouTube alivyokata shabiki wake. Mtu ananijibu ni gharama. Ameprinti fulana elfu tatu lakini kusikiliza mahubiri ni gharama.

DHANA: Haya huwapata watu wa mrengo wa kushoto, au watu weusi.

Mwaka uleule, John McCain, mgombea wa Republican. Wainjilisti walikuwa hawamwamini toka mwaka 2000 alipowaita wahubiri wao wakubwa, Pat Robertson na Jerry Falwell, mawakala wa kutovumiliana, kwahiyo 2008 akahangaika kupata wachungaji. Tarehe 27 Februari mchungaji John Hagee wa San Antonio, Texas akatangaza kumuunga mkono. Wakatoliki wakaja juu kwa aliyowahi kusema kuhusu kanisa lao, Hagee akaomba radhi kwa barua katikati ya Mei, watu wakapumua. Haikupita hata wiki mbili ikaibuka sauti ya mahubiri ya miaka ya tisini anasema Hitler alikuwa sehemu ya mpango wa Mungu kuwarudisha Wayahudi Israeli. Tarehe 22 Mei McCain akaukataa uungaji mkono wake, na siku hiyohiyo akamkataa na mchungaji Rod Parsley wa Ohio aliyekuwa amemwita kiongozi wake wa kiroho, sababu ya aliyoyasema kuhusu Uislamu. McCain alijitetea kwamba Hagee hakuwa mchungaji wake, hajawahi kukaa kanisani kwake miaka 20. Ni kweli, ndio maana ilipita haraka. Ila huyu yeye ndiye aliyemtafuta, na hilo ni kosa la aina yake.

DHANA: Ukipata klipu ya pasta wa mpinzani wako umeshinda.

Waulize Republican wa Mississippi. Uchaguzi mdogo wa ubunge tarehe 13 Mei 2008, jimbo walilolishika miaka, wakarusha matangazo ya kumfunga Mdemokrat Travis Childers na Obama na Wright. Childers akashinda. McCain mwenyewe alikataa kumtumia Wright mpaka mwisho, ingawa wapo waliomsukuma, na makundi ya nje yakaja kurusha matangazo siku za mwisho bila faida yoyote inayoonekana, Obama kapata kura 365 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 173. Halafu Georgia, mgombea useneta ni mchungaji mwenyewe, Raphael Warnock wa Ebenezer Baptist, wapinzani wakachambua mahubiri yake na jinsi alivyowahi kumtetea Wright, na Januari 2021 akashinda.

Kichekesho cha 2008 ambacho watu hawakikumbuki: utafiti wa maoni wa shirika la Pew wa Machi, Wright yuko kwenye TV kila saa, asilimia 10 ya Wamarekani walisema Obama ni Mwislamu. Oktoba wakawa 12. Pasta wake wamemwona mpaka wamemchoka na bado.

DHANA: Ni mambo ya mitandao.

1884 kulikuwa na mtandao gani? Tarehe 29 Oktoba, siku sita kabla ya kura, mchungaji Samuel Burchard anamkaribisha James Blaine, mgombea urais wa Republican, kwenye hoteli moja New York, anawaita Democrat chama cha pombe, Ukatoliki na uasi. Blaine yupo palepale, hakukanusha, na mama yake mwenyewe alikuwa Mkatoliki! Wapinzani walikuwa wametuma mtu wa kuandika kila neno, ikachapwa ikasambazwa kwa Wairishi, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki. Alipokuja kufungua mdomo siku zilikuwa zimepita. New York ikaenda kwa Grover Cleveland wa Democrat kwa kura zisizofika 1,200 kati ya zaidi ya milioni moja, na New York ndiyo iliyoamua urais. Wanahistoria wanabishana kama ni Burchard peke yake, sawa, lakini kwa tofauti ile kila kitu ni sababu.

DHANA: Tutamwambia anyamaze mpaka uchaguzi upite.

Kwa mamlaka gani? Wright alikuwa na miaka 66, ameshastaafu, mkongwe aliyetumikia jeshi, alishaondolewa jukwaani dakika ya mwisho Springfield, kisha mwezi mzima nchi nzima inamwona kwa sekunde chache za mahubiri ya miaka na miaka. Hakuwa na mshahara kwenu wala cheo cha kupoteza. Mtu kama huyo hanyamazishwi na afisa habari wa miaka 28 aliyemtumia meseji. Unampigia wewe, mgombea, kwa simu yako, kabla hujatoa taarifa yoyote kwa waandishi, unamwambia utakachosema ili asikisikie kwenye TV. Kama hilo hujafanya usinipigie mimi saa tano usiku.