Msuli wa mzee haujapoteza uwezo wa kupona

Katika familia nyingi za Dar es Salaam, bibi akiteleza wakati wa kushuka daladala pale Mbagala na kuchanika msuli wa paja, huambiwa alale tu, kwa kuwa nyama ya uzeeni haiungi. Imani hiyo si sahihi, tena huwaumiza wazee wetu, kwani kulala wiki nyingi hudhoofisha hata misuli ambayo haikujeruhiwa.

Msuli una seli shina zake, yaani seli za akiba zinazoweza kujenga nyuzi mpya, zilizoelezwa na mwanasayansi Alexander Mauro mwaka 1961, ambazo hupungua uzeeni lakini hazitoweki kabisa. Kinachobadilika sana ni mazingira yake, hasa kinga ya mwili. Msuli unapochanika, chembe nyeupe za damu huwasili ndani ya saa chache. Kisha chembe kubwa ziitwazo makrofaji huzoa mabaki ya nyuzi zilizokufa, na baada ya siku kadhaa hubadili kazi, zikatuliza uchochezi, yaani uvimbe na joto la jeraha, na kuzihimiza seli shina kujenga nyuzi mpya. Uzeeni badiliko hilo huchelewa, na kovu huweza kuchukua nafasi ya nyama.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wazee na wa panya vijana, na misuli ya wazee iliyojeruhiwa ikajijenga vizuri zaidi. Hao ni panya, si binadamu. Hata hivyo, seli za panya hao wazee zilionyesha kwamba bado zinaitika wito wa kujenga msuli.

Kwa hiyo bibi apimwe kwanza, kisha aanze kutembea kidogo kidogo kwa mwongozo wa mtaalamu wa fiziotherapia, huku akila dagaa, mayai na maharage ya kutosha.