Kuhuisha utamaduni kwa hadithi na ngoma, maana yake hasa ni nini

Huku nyanda za juu kusini, iwe Iringa, Mbeya, Njombe ama Songea, kila mradi wa sanaa siku hizi lazima uweke hayo maneno, kuhuisha utamaduni, na mara nyingi ukichimba unakuta kinachomaanishwa ni kwamba kuna kikundi kitavaa kaniki na njuga kicheze dakika tano mgeni rasmi akishuka kwenye gari, basi. Hiyo sio kuhuisha. Hayo ni mapokezi.

Kuhuisha ni pale jamii inapolirudishia kazi jambo lake la asili lililokuwa limelala au lilikatazwa. Yaani hadithi inarudi kumlea mtoto, wimbo unarudi kumsema mtu aliyekosea bila kumtaja jina, ngoma inarudi kuwa mahali vijana wanakutana na kujulikana nani anajua na nani anajifanya, na wanaoamua ichezwe lini na vipi ni wenyewe, sio aliyelipia jukwaa. Kuhifadhi ni kitu kingine, hapo unarekodi, unaandika, unaweka makumbusho, ni kazi nzuri na bila hiyo vingine vingeshapotea, ila ngoma inaweza kuhifadhiwa vizuri kabisa kwenye kompyuta na kijijini isiwepo hata mtu mmoja anayeicheza.

Sasa ili ujue cha kurudisha lazima ujue kilichoondoka ni nini, na hapa watu wengi wanakosea, wanadhani kilichopotea ni hadithi zenyewe. Chukua Unyakyusa, Rungwe na Kyela kule. Zamani wavulana wa rika moja walikuwa wanatoka kwa baba zao wanajenga kijiji chao pamoja, wanakua humo, wanaoa humo, wanazeeka humo, na maongezi ya jioni, masimulizi, utani, mafundisho ya namna ya kukaa na watu, vyote vilikuwa vinapita hapo hapo kwa watu wa rika moja. Ardhi ikabana, vijiji vya rika vikafa. Kwa hiyo hata kama bibi bado anazikumbuka hadithi zote, pale zilipokuwa zinasimuliwa hapapo tena. Ongeza wamisionari, Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na dini mpya kwa sehemu kubwa ziliziangalia ngoma kwa jicho baya, mshirika mwema haonekani ngomani. Ongeza shule iliyomtaka mtoto aache kilugha mlangoni. Hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kuua utamaduni, mahali pake tu ndo palikuwa panafungwa kimoja kimoja.

Kwa wenzetu huko nje kuna waliofungiwa kwa sheria kabisa. Kanada serikali ilipiga marufuku sherehe za potlachi za watu wa asili wa pwani ya magharibi kuanzia 1885, sherehe ambazo ndani yake kulikuwa na ngoma, vinyago, kugawa mali na kutangaza nani ana haki ya jina gani na hadithi gani. Mwaka 1921 iliitishwa moja kubwa kwa siri, watu wakakamatwa, wengine wakafungwa jela, vinyago vikabebwa vikaishia kwenye makumbusho ya mbali. Marufuku ikaondoka 1951, ila vinyago vyenyewe vilianza kurudi mwishoni mwa miaka ya 70, na 1980 wakafungua kituo chao hapo Alert Bay wakaweka sehemu yake huko, chini ya uangalizi wao wenyewe. Hawaii nako ngoma yao ya hula ilibanwa sana na viongozi walioongoka dini, mfalme Kalākaua akaichezesha hadharani kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883 na watu wa kanisa wakachukia kweli kweli. Wamaori wa New Zealand wao wana mashindano makubwa ya taifa ya nyimbo na ngoma tangu 1972, yanaitwa Te Matatini sasa hivi, na miaka kumi baadaye wakaanzisha shule za chekechea zinazoongea Kimaori tupu. Hizo mbili zinabebana, mtoto anayejifunza lugha anakuwa na pa kuitumia, na anayeimba anaelewa anachoimba.

Sisi tuna jambo letu linalofanana na vile vinyago, na Wahehe mtanielewa. Fuvu la Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nao wakalichukua fuvu lake. Lilidaiwa hadi likaandikwa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofuata vita ya kwanza ya dunia, likaja kurudi 1954, likapokelewa Kalenga na mjukuu wake Chifu Adam Sapi, huyu huyu aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Lipo pale Kalenga mpaka leo, sio mbali na Iringa mjini, unaingia unaliona kwenye kioo. Sawa, limehifadhiwa. Ila vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, ile Wahehe walipowapiga Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafa, mtoto wa shule anaipata kama tarehe ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mzee akiisimulia Kihehe kwa majigambo yake na nyimbo zake, anayesikiliza akawa anaitikia, hapo historia hiyo hiyo inakuwa mali ya anayeisikia. Fuvu limerudi, msimuliaji je, amerudi?

Watu wa Songea kwenye hili wametuzidi kidogo, tusiwaonee wivu. Kila Februari wanakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na lizombe, ngoma ya Wangoni, ikichezwa siku ile ina sababu ya kuchezwa, kuna makaburi, kuna ukoo, kuna jambo. Ngoma isiyo na shughuli yake ni jembe lililotundikwa ukutani.

Kuna swali linaulizwa sana, je tukibadilisha si tunaharibu asili? Mimi nasema angalia mganda, ule wa huku ziwa Nyasa. Kaptula nyeupe, filimbi, mistari imenyooka kama paredi, na ni kweli chimbuko lake ni paredi, vijana walioona jeshi na bendi za wakoloni wakaigeuza ikawa ngoma yao, wakaweka mashindano kijiji kwa kijiji, nyimbo zao, utani wao. Leo mganda ni ngoma ya asili na hakuna anayebisha. Kwa hiyo asili haimaanishi kongwe kuliko zote, inamaanisha wenyewe wameishika. Na kiduo nayo, ukienda sendofu Iringa au Njombe utaikuta imeingia na spika na kinanda, wazee wengine wananuna, ila ukumbi mzima unanyanyuka na mabibi harusi waliozaliwa 2000 na kitu wanajua kuiruka. Kwangu mimi hiyo imehuishwa kuliko ile ya jukwaani yenye vazi safi na wachezaji wa kukodi.

Ubaya wa kubadilisha unaanza pale maneno yanapotupwa. Baada ya uhuru Mwalimu aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, akisema taifa bila utamaduni ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho, na ngoma za mikoani zikapelekwa jukwaa la taifa, jambo la heshima kabisa baada ya miaka ya kudharauliwa. Lakini huko zikafupishwa, mtazamaji wa Dar haelewi Kinyakyusa, kwa hiyo kiuno na mguu vikabaki, wimbo ukawa sauti tu. Na kwenye wimbo ndo kulikuwa na akili yote, mafumbo, historia ya ukoo, onyo. Ukizingatia kwamba redio zetu zinatangaza Kiswahili na Kiingereza, sio kilugha, na shule ndo hivyo hivyo, basi wimbo na hadithi ni sehemu chache sana zilizobaki ambapo kijana anaweza kukisikia Kisafwa au Kikinga hadharani bila mtu kumwambia acha ukabila.

Halafu sio kila kitu ni cha jukwaani. Kule Lubaga, Rungwe, palipokuwa pakitambikiwa Lwembe, mtawala mtakatifu wa Wanyakyusa, kuna mambo yana wenyewe na yana miiko, kama ulivyoona wale wa Kanada hadithi ina mwenye haki nayo. Kikundi kinachookota maneno ya tambiko kikayaweka kwenye vidio kipate watazamaji hakijahuisha chochote, kimeiba, hata kama wachezaji ni watoto wa pale pale.

Kwa hiyo ukitaka kupima mradi usianze na mavazi. Uliza nani anaimba na kama anaelewa anachoimba. Uliza ngoma itachezwa lini tena mfadhili akishaondoka. Uliza yule bibi aliyewafundisha hadithi amelipwa nini, maana posho huwa inaishia kwa mwenyekiti na MC, bibi anapewa soda na kitenge, na zile sauti zake zilizorekodiwa zimebaki kwenye simu ya mtu wa mjini ambaye bibi hata namba yake hana.