Ukigusa "Ruhusu", unatoa namba za watu wasiokopa

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Wapo waliodhani habari imeishia hapo. Haikuishia. Programu iliyofungiwa hurudi kwa jina jingine na rangi nyingine, kiungo chake kikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na anayeipakua hana namna ya kujua kwamba ni ileile. Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na ninaandika makala haya kwa sababu kuna jambo moja ambalo karibu kila mlalamikaji hulijua akiwa ameshachelewa.

Mama mmoja muuza vitenge aliniwekea simu yake mezani akaniomba nisome mwenyewe, kwa kuwa yeye hakutaka kuyatamka yaliyoandikwa. Aliomba mkopo wa shilingi 100,000 aongeze mzigo wa sikukuu. Zikaingia 68,000, zilizobaki ziliitwa "ada ya huduma". Muda wa kulipa ulikuwa siku saba. Siku ya sita asubuhi, tarehe ya deni haijafika, watu kumi na wanne walikuwa wameshapokea ujumbe kwamba yeye ni tapeli, kwamba amekimbia deni, na kwamba wao ni wadhamini wake, hivyo wamwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wa darasa wa mwanawe, kiongozi wa kwaya, kijana wa bodaboda anayembebea mizigo, na baba mkwe wake.

Kuhusu deni hakuwa na neno. Aliniuliza hivi: "Sasa mwanangu, baba mkwe wangu wamempata wapi? Mimi sikumtaja popote."

Nilimwonyesha kwenye mipangilio ya simu yake. Siku ya kwanza programu ilimwomba ruhusa ya kufikia "anwani", naye akaruhusu. Akaniambia: "Niliona wameandika anwani. Nikajua wanataka wajue ninapokaa. Anayekukopesha si lazima ajue unapokaa?"

Jibu hilo limenikaa, kwa sababu si la mtu mzembe. Alisoma na akafikiri. Tatizo ni kwamba kwenye simu nyingi zilizowekwa lugha ya Kiswahili, neno "anwani" katika ukurasa wa ruhusa lina maana ya orodha nzima ya majina na namba ulizohifadhi. Nyumba na mtaa wako havihusiki hapo kabisa. Ukigusa "Ruhusu", programu inaweza kuinakili orodha yote na kuipeleka kwenye kompyuta za mwenye programu kwa muda mfupi sana, na baada ya hapo simu yako haina tena la kuzuia.

Katika orodha hiyo namba yako mwenyewe ni moja tu. Nyingine zote ni za watu ambao hawakuomba mkopo, hawakuona masharti, na hawajui kwamba wamegawiwa. Hata namna ulivyoyaandika majina inasema mengi. Nimewahi kuona simu yenye jina lililohifadhiwa "Nesi CTC". CTC ni kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU, na anayeijua hahitaji kuelezwa zaidi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa sheria yetu, na hiyo ilitoka ndani ya simu ya mtu aliyekuwa akitafuta shilingi elfu thelathini.

Zamani si mbali sana, mdhamini alikuwa mtu aliyekubali kwa kinywa chake. Alikaa kwenye kikao cha kikoba, akasikia kiasi, akasikia tarehe, akaweka sahihi. Ukichelewa, alikuja mlangoni kwako, na kwa kuwa anakujua alijua pia kama umeuguliwa au unakwepa. Mdhamini wa siku hizi anateuliwa na programu akiwa amelala, halafu anapata habari kwa ujumbe wa matusi.

Nisieleweke vibaya. Mkopo wa simu si jambo baya kwa asili yake. M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo kwa simu ya Vodacom, ilipoanza mwaka 2014, wengi ambao hawakuwahi kukanyaga benki walipata mahali pa kuweka akiba na kukopa kidogo kidogo, na watoa huduma wenye leseni wapo hadi leo. Ninaowazungumzia ni wale wanaotumia aibu kama dhamana. Kwao, orodha ya majina ndiyo rehani yenyewe, na ndiyo maana wanaiomba kabla hata hawajakuuliza unataka kiasi gani.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google inakataza programu za mikopo zilizomo kwenye Play Store, duka lake la programu, kufikia orodha ya majina na picha za mtumiaji. Programu ya mkopo inayokuomba anwani basi ama haikutoka dukani humo, ama inavunja kanuni za duka lenyewe. Umetumiwa faili la APK, yaani programu ya kusakinisha bila kupitia dukani, au kiungo na mtu usiyemjua? Acha.

Kipimo cha pili ni hesabu. Kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, ambalo wakopeshaji wa kidijitali wamo, ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 100,000 hiyo ni shilingi 3,500 kwa mwezi mzima. Mama yule alipokea 68,000 akatakiwa arudishe 100,000, yaani nyongeza ya 32,000 juu ya kile alichokishika mkononi. Hiyo ni asilimia 47, na kwa wiki moja. Watu wanaiita kausha damu na sina sababu ya kuwapinga.

Sasa nifike kwenye mambo ninayoyajibu kila siku, na naomba safari hii yaeleweke.

La kwanza ni wale wanaokuja na cheti cha BRELA walichotumiwa na mkopeshaji, wakisema kampuni imesajiliwa. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, inasajili kampuni. Haitoi leseni ya kukopesha. Leseni hutolewa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwa wakopeshaji wa kidijitali Benki Kuu ilitoa mwongozo maalumu Agosti 2024 unaogusa uwazi wa gharama, utaratibu wa kudai na usiri wa taarifa za mteja. Vilevile cheti cha usajili kutoka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi si leseni ya kukopesha. Kinaonyesha kwamba mhusika amejisajili kama mkusanyaji au mchakataji wa taarifa. Ni ofisi tatu zenye kazi tatu tofauti. Majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti ya Benki Kuu, na kuyatafuta hakuchukui muda kuliko kujaza fomu ya mkopo.

La pili ni imani kwamba programu ikifungiwa, deni limefutwa. Hakuna tangazo lililosema hivyo. Mkataba na mtu asiye na leseni una nguvu kiasi gani ni swali la mahakama, nami sitalijibu hapa, wala usikubali kujibiwa na mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Ninachoweza kusema ni kwamba kudaiwa hakumpi anayekudai haki ya kukudhalilisha. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake.

La tatu: "Nilikubali masharti, basi sina la kusema." Una la kusema. Ridhaa uliyotoa ni yako kwa taarifa zako. Huwezi kutoa ridhaa kwa niaba ya baba mkwe, mwalimu wala nesi, hata kama namba zao zimo kwenye simu uliyoinunua kwa fedha yako.

La nne ni hili la kufuta programu kwa hasira. Ukifuta, namba walizokwisha kuzichukua hazirudi, na wewe unapoteza ukurasa unaoonyesha jina la mkopeshaji, kiasi ulichoomba na masharti. Nimepokea walalamikaji wenye uchungu wa kweli kabisa ambao hawakuweza hata kunitajia jina la programu iliyowaumiza. Shauri la namna hiyo ni gumu mno.

Fanya kwa mpangilio. Kwanza, programu ikiwa bado ipo, piga picha za skrini za ukurasa wa mkopo, masharti, kiasi, tarehe na jina la kampuni kama lipo. Picha zisikatwe, saa na tarehe zilizo juu ya skrini ni sehemu ya ushahidi. Pili, chukua taarifa ya miamala kutoka mtandao wako wa simu, inayoonyesha namba ya muamala na jina la aliyetuma au aliyepokea fedha. Tatu, waombe waliopokea ujumbe wapige picha ya skrini kwenye simu zao wenyewe, namba ya mtumaji ikionekana. Wasikusambazie tu maneno, maana ujumbe uliosambazwa hauonyeshi ulitoka kwa nani. Wala wasiufute. Nne, andika karatasi moja yenye mtiririko: ulipata wapi kiungo, ulipakua lini, uliomba kiasi gani, kiliingia kiasi gani, tarehe ya kulipa, ujumbe wa kwanza ulitoka lini na kwenda kwa nani. Ukimaliza hayo ndipo uingie kwenye mipangilio, sehemu ya programu, kisha ruhusa, uondoe ruhusa zote, halafu ufute.

Kama mkopeshaji ana leseni, malalamiko huanzia kwake kwa maandishi. Usiporidhika unayapeleka Benki Kuu ukiwa na nakala ya barua na majibu yake. Kama hana leseni, hakuna sababu ya kumwandikia kwanza, toa taarifa Benki Kuu moja kwa moja. Suala la taarifa binafsi kutumiwa au kusambazwa linapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tume inatakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90, muda unaoweza kuongezwa, kwa hiyo kumpigia afisa simu kila asubuhi kuanzia siku ya tatu hakuharakishi lolote. Vitisho, matusi, au picha yako kuwekewa maneno "anatafutwa" ni suala la polisi. Nenda kituoni, toa maelezo, upewe RB (kumbukumbu ya taarifa yako kituoni), na namba ya RB uiandike kwenye malalamiko yako mengine yote. Namba ya simu iliyotumika kutapeli unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Na kwa kuwa picha yako na namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, vimeshapita mikononi mwa watu usiowajua, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, ifutishe kwa mtoa huduma mapema.

Adhabu zipo na si ndogo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mtu anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kutisha, kusumbua au kumsababishia mtu maumivu ya moyo. Adhabu ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Nawakumbusha wakopaji kwamba kifungu hicho hakichagui upande. Ukimrudishia wakala wao vitisho vya kumkata kichwa, nawe umeingia humo humo.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia hii. Septemba 2023 ofisi yao ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza kampuni moja yenye programu mbili za mikopo shilingi 2,975,000 za Kenya, baada ya malalamiko kuhusu matumizi ya majina na namba za watu na ujumbe wa vitisho.

Siku mbili baada ya mama wa vitenge, alikuja mzee mmoja akiwa na simu ndogo ya vitufe. Nikamwamkia, akaketi, akaifungua mwenyewe. Ujumbe ulikuwa uleule. Alikuwa baba mkwe. Alisema mkwewe amekuwa akimkwepa tangu ujumbe ule uingie, na kwamba yeye hana shida naye. "Lakini mimi sijakopa," akasema. "Nina haki ya kulalamika, au mpaka yeye ndiye alalamike?"

Nilimweleza kwamba anayo, na hahitaji ruhusa ya mkwewe. Namba iliyotumika ni yake, na jina lililoitwa mdhamini ni lake. Malalamiko yake ni shauri linalojitegemea, na linasimama hata kama mkopaji ameshalipa deni lote au ameamua kunyamaza. Ushahidi wake ni ujumbe uliomo ndani ya simu yake. Kwa kuwa simu ile haipigi picha ya skrini, tuliupiga picha kwa simu nyingine ukiwa umefunguliwa, namba ya mtumaji na tarehe vikionekana. Akajaza fomu yake, akaweka sahihi, akaomba apewe fomu nyingine moja ampelekee kiongozi wa kwaya.