Erthi ya Gari la Zamani ni Nini, na Namna ya Kuikagua Mwenyewe

Erthi ya gari ni njia ambayo mkondo wa umeme huifuata kurudi kwenye betri baada ya kufanya kazi katika taa, honi, wipa au stata. Kwa sehemu kubwa njia hiyo si waya, bali ni chuma chenyewe cha gari, yaani chasisi, bodi na bloku ya injini, na ndiyo maana mafundi wengi huiita bodi tu. Erthi ya nyumbani hushuka ardhini kwa ajili ya usalama na kwa kawaida haina kazi mpaka hitilafu itokee. Erthi ya gari haigusi ardhi kabisa, na hupitisha umeme kila mara kifaa kinapowashwa.

Watengenezaji waliuchagua mpango huu kwa sababu unapunguza urefu wa nyaya karibu kwa nusu. Katika magari ya Uingereza yaliyofungwa vifaa vya Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, kwa mfano, waya mwekundu hupeleka umeme kwenye taa ndogo, wa buluu kwenye taa kubwa, na mweusi ndio wa erthi. Ukiufuata huo mweusi utakuta mara nyingi ni mfupi mno: unatoka kwenye taa na kuishia kwenye bolti iliyo karibu. Kuanzia hapo bodi ndiyo inayobeba mzigo wote, na kila mahali bati moja linapofungwa kwa jingine, mkondo huhitaji chuma safi kigusane na chuma safi ili upite.

Usafi huo haudumu miaka 50. Bodi ya Land Rover za Series ni ya aloi ya alumini, ilhali chasisi yake ni ya chuma, na metali hizi mbili zinapokutana mahali penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Aliye na gari la namna hiyo Mombasa, Tanga au Unguja anaujua unga huo vizuri. Katika Peugeot 404 au Volkswagen Beetle, ambazo bodi zake ni za chuma, kutu ya kawaida hufanya kazi hiyohiyo. Rangi nayo imo katika kundi hili: gari lililotoka kupigwa rangi vizuri, pamoja na matundu ya bolti za erthi, linaweza kurudi nyumbani likiwa na taa zisizowaka.

Hasara inayosababishwa na mguso mbaya inaweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Balbu ya wati 45 katika gari la volti 12 huvuta takriban ampea 3.75, maana yake ukinzani wake (kiasi inavyozuia mkondo, kinachopimwa kwa omu) ikiwa inawaka ni kama omu 3.2. Kutu ikiongeza nusu omu tu kwenye erthi, balbu hubakiwa na volti 10.4 hivi, na kwa kuwa mwanga hushuka kwa kasi kuliko volti, zaidi ya theluthi moja ya mwanga hupotea. Katika gari la volti 6, kama zilivyokuwa Beetle nyingi za kabla ya 1967, balbu ya wati hizohizo ingebakiwa na volti 3.7 pekee, ambazo hazitoshi kuendeshea gari usiku. Stata ndiyo isiyovumilia kabisa. Ikivuta ampea 150, ukinzani wa omu 0.02, ambao jicho haliwezi kuuona, hula volti 3, na injini huzunguka kwa uvivu hata kama betri ni mpya.

Injini inahitaji kuelezwa peke yake, kwa sababu imekaa juu ya vipande vya mpira ili mtetemo usifike kwenye bodi, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna ukanda uliosukwa kwa nyuzi za shaba unaounganisha injini au giaboksi na bodi; katika Beetle uko mbele ya giaboksi, mahali ambapo matope hufika kwa urahisi. Ukanda huo ukikatika, au fundi akiusahau baada ya kushusha injini, mkondo wa stata hutafuta njia nyingine ya chuma, na njia inayopatikana mara nyingi ni kebo ya eksileta, ya choki au ya klachi. Kebo hizo hazikutengenezwa kubeba ampea mia na zaidi. Hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na siku nyingine huganda ndani ya ala yake. Mwenye gari hubadilisha kebo mara mbili au tatu akilaumu ubora wa vipuri, wakati kasoro haimo kwenye kebo hata kidogo.

Dalili nyingine za erthi mbovu zina tabia ya kuchekesha kidogo. Ukikanyaga breki, taa ndogo za nyuma hufifia badala ya taa za breki kung'aa, au indiketa hupepesa pamoja na taa isiyohusika. Hilo hutokea kwa sababu mkondo ulionyimwa njia yake hurudi kwa kupitia ndani ya balbu nyingine. Ukiona vifaa viwili visivyohusiana vinaathiriana, ikague erthi kabla ya kununua chochote.

Ukaguzi wenyewe unahitaji mita ya kawaida ya umeme. Kosa la wengi ni kuiweka kwenye omu. Mita inapopima omu hutuma mkondo mdogo mno, na hata uzi mmoja wa shaba uliosalia katika waya uliooza huupitisha bila shida, hivyo jibu linaonekana zuri ilhali waya haufai. Pima volti, na kifaa kikiwa kinafanya kazi. Weka mita kwenye volti 20 za DC, gusa kwa ncha moja kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi (kichwa chenyewe, si klipu yake), na kwa ncha ya pili ganda la taa inayowaka. Erthi ikiwa nzima, mita itasoma karibu na sifuri. Kwa taa, kinachozidi volti 0.2 kinastahili kutafutwa. Kwa stata, gusa ganda lake huku mwenzako akiwasha injini, na usikubali zaidi ya volti 0.5. Kisha sogeza ncha hiyo ya pili hatua kwa hatua kuelekea kwenye betri: mahali volti zinapoporomoka ghafla, umekwisha upita mguso mbovu.

Matengenezo yake ni mepesi kuliko uchunguzi. Fungua betri kwanza, ukianza na klipu ya upande wa bodi, ili spana ikigusa chuma unapofungua upande wa pili isitoe cheche. Ondoa bolti, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, rudisha bolti ukiweka washa yenye meno, kaza, kisha paka vaselini juu ya kiungo ili maji yasiingie. Kwa taa za nyuma za Land Rover mimi naona ni afadhali kuongeza waya mweusi kutoka kwenye kila taa hadi kwenye chasisi, kwa sababu unga wa alumini utarudi tu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni upande upi wa betri ulio kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960 yalifunga chanya kwenye bodi. Land Rover na MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, zilihamia hasi mwaka 1967. Stata haijali, kwa kuwa huzunguka upande uleule kwa mpangilio wowote, na taa hazijali. Redio na alteneta, yaani mashine inayochaji betri, ndizo zinazojali: ukigeuza betri, daiodi za alteneta (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) huungua papo hapo. Anayetaka kuhamisha gari la dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia alteneta, kwenda hasi hana budi kubadilishana nyaya mbili ndogo za koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), ili ncha ya kati ya plagi ibaki upande wa hasi ambako cheche huruka kwa urahisi zaidi, kugeuza nyaya za mita ya ampea, na kuizoeza dainamo upande mpya. Hilo la mwisho hufanywa kwa kuchomoa nyaya zake na kugusisha kwa nukta chache kituo chenye herufi F na waya unaotoka kwenye kichwa cha betri kisichofungwa kwenye bodi.