Efemera za machipuko: maua yanayowahi kivuli

Msitu wa Ohio au Kentucky kule Marekani, au wa Ontario kule Kanada, mwezi wa Julai hauna mengi ya kumwonyesha mpenda maua. Kivuli ni kizito na chini kumejaa majani makavu. Lakini pita hapohapo katikati ya Aprili, utakuta ardhi imetapakaa rangi nyeupe, waridi, njano na buluu. Sehemu kubwa ya maua hayo ndiyo wataalamu wa mimea huyaita efemera za machipuko.

Efemera ni mmea wa msituni unaochipua, kuchanua, kuzaa mbegu na kukauka majani yote ndani ya wiki chache za mwanzo wa majira ya machipuko. Wengi hudhani umekufa, kumbe umejificha. Kiazi au shina lake la chini ya ardhi liko hai, linasubiri mwaka ujao.

Sababu ya haraka hiyo ni mwanga. Miti mingi ya majani mapana hupukutisha majani kabla ya baridi. Theluji ikiyeyuka, jua hupenya hadi chini bila kizuizi, na miti mingi haifunikii anga tena hadi mwezi Mei. Efemera huishi katika mwanya huo, kama machinga anayepanga bidhaa alfajiri kabla mgambo hawajafika. Chakula cha mwaka mzima hutengenezwa ndani ya wiki hizo.

Chukua klaitonia, ua dogo la petali tano nyeupe zenye mistari ya waridi. Ni fupi, kwa hiyo itabidi upige magoti. Mistari ile humwelekeza nyuki kwenye nekta, na yuko nyuki mdogo wa porini, Andrena erigeniae, anayewalisha watoto wake chavua ya klaitonia, ambayo nayo ni ya waridi. Siku ya mawingu ua hujifunga. Nenda saa sita mchana, jua likiwaka. Asubuhi na mapema utaambulia vichwa vilivyoinama.

Sangwinaria ina haraka zaidi: petali zake nyeupe huweza kudondoka siku moja au mbili tu baada ya kufunguka. Triliamu nyeupe, nembo ya jimbo la Ontario tangu 1937, ina majani matatu na petali tatu zinazogeuka waridi zikizeeka. Ukibana sana maana, triliamu si efemera kamili, maana majani yake hudumu hadi kiangazi. Mimi naihesabu tu. Huwezi kuzungumzia misitu hii ukaiacha nje.

Ila usiichume. Majani yake yako palepale chini ya ua, na ukikata bua umeondoka na jiko lote la mmea. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza huchukua miaka saba au zaidi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, yenye aina zaidi ya 1,500 za mimea inayochanua, kuchuma ua ni kosa kisheria. Hata kutoka nje ya njia ili upige picha kuna madhara: vijimea vingi vina jani moja tu, na hilo ndilo utakalolikanyaga.

Kuna jambo moja linaloamua uende msitu gani. Mbegu za efemera nyingi zina kinyama cha mafuta ambacho sisimizi hukipenda. Huibeba mbegu hadi kwenye kichuguu, hula kile kinyama, kisha huitupa mbegu yenyewe kwenye jalala lao, mahali penye rutuba. Usafiri huo ni mzuri lakini haufiki mbali, kwa kawaida ni mita chache tu. Kwa hiyo shamba lililolimwa zamani likarudi kuwa msitu laweza kuwa na miti mirefu ya kupendeza na chini kusiwe na efemera hata moja, miongo mingi baadaye. Kulungu nao wakizidi hutafuna triliamu hadi zikabaki chache. Basi ukifika kwenye ofisi ya hifadhi, waulize walinzi ni upande gani haujawahi kulimwa, uanzie huko.